Tope la saiti linashuka kwenye mafunjo, Luchelele. Baada ya kibali kutoka, nani anakagua?

BintiWaLuchelele:
Wakuu, salaam. Naishi Luchelele hapa Mwanza, nyumba ya tatu kutoka kwenye kibonde cha mafunjo kinachoingia ziwani. Ndipo marehemu baba alipokuwa anatega kamongo. Mimi nalima mchicha na matembele pembeni yake, nachota maji kwenye kisima kifupi tulichochimba wenyewe.

Mwezi wa nane mkandarasi alileta kijiko na greda mlimani juu yetu. Ndani ya siku mbili vichaka vyote vikawa vimefyekwa, mlima umekatwa, kifusi kimesukumwa ukingoni. Mvua ya kwanza ya vuli ikanyesha usiku, haikumaliza hata saa moja. Asubuhi nikakuta kalavati la njia limeziba nusu na mafunjo yamelala chini ya tope jekundu. Nilipoingia, lilinifika magotini.

Nikachota maji ya mfereji kwenye chupa ya soda, nikaiweka dirishani. Mchanga ulizama kabla sijamaliza kufagia uwanja. Lakini ule wekundu hadi siku ya tatu ulikuwa haujatulia, chupa ukiielekeza juani huoni upande wa pili. Hayo ndiyo maji yanayoingia kwenye mazalia ya sato.

Mwenyekiti wa mtaa alinisikiliza vizuri, akasema mradi una vibali. Baada ya siku tano akaja mkaguzi, jua linawaka, ardhi imekauka. Akasoma makaratasi, akaona uzio wa kitambaa wa kuzuia tope umesimama pale getini, akaondoka. Maji hayapiti getini. Yanapita nyuma, na nyuma hakufika.

Sipingi ujenzi. Nauliza: kibali kikishatoka, kuangalia tope kila mvua inaponyesha ni kazi ya nani? Na mimi jirani nina haki ya kuyaona masharti waliyopewa?

Fundi_Mkuyuni:
Pole sana dada. Nimesimamia saiti miaka 19, nyingi kwenye vilima vya Mwanza, na hiyo chupa yako imesema kila kitu. Mchanga unazama haraka. Udongo wa mfinyanzi unaelea siku nyingi, kwa hiyo ukishafika kwenye mfereji umeshachelewa, huna kitambaa cha kuuzuia. Unazuiwa kule juu, udongo ukiwa bado umelala.

Nenda nyuma ya saiti uangalie mambo haya. Kwanza, je, wamechimba mtaro juu ya eneo la kazi ili maji ya mlimani yazunguke? Wasipochimba, mvua yote ya mlima inapita kwenye udongo uliochimbuliwa. Pili, inamisha kichwa uone chini ya uzio. Kitambaa lazima kizikwe kwenye mfereji wa kina cha kama shubiri moja na kushindiliwa, la sivyo maji yanapita chini yake na uzio unabaki pambo. Na haujengwi kukatiza kijito, maana utabebwa. Tatu, kifusi. Kukiacha wazi ukingoni wakati wa vuli ni kosa, sina lugha nyingine. Kinatakiwa kiondolewe, au kifunikwe kwa nyasi kavu na kuzungushiwa mawe. Mawe Mwanza tunayo bure.

Kosa kubwa kuliko yote ni kufyeka eneo zima siku moja. Fyeka kipande utakachojenga mwezi huu, kingine kiache na majani yake. Nimewahi kufanya kosa hilo Mahina kwa sababu greda lilikuwa la kukodi na bosi alitaka limalize kazi haraka. Tope letu liliingia jikoni kwa mama mmoja mjane. Sijalisahau jiko lile.

Mjumbe_Kamati:
Nimekaa kwenye kamati ya mazingira ya mtaa, naongeza upande wa sheria.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka halmashauri iwe na afisa wa mazingira, na inatambua kamati za mazingira hadi ngazi ya mtaa. Luchelele iko Nyamagana, kwa hiyo nenda Halmashauri ya Jiji, siyo Manispaa ya Ilemela, watu wengi wanapotea hapo. Kama mradi ulipitia tathmini ya athari kwa mazingira, cheti chake kina masharti, na NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, wana ofisi ya kanda hapa Mwanza. Miradi midogo haipiti tathmini kamili, lakini hiyo haiwapi ruhusa ya kumwaga tope kwa jirani. Kijito kikiwa kimezibwa au kugeuzwa, peleka pia nakala Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria.

Haki ya kuona unayo. Sheria hiyohiyo inampa mkazi nafasi ya kupata taarifa za mazingira zilizo kwenye ofisi za umma. Omba kwa barua, usiombe kwa mdomo, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Mimi nimeona malalamiko mengi mazuri yakifia mapokezi kwa sababu mlalamikaji hakuwa na karatasi yenye tarehe.

Mkazi_Buhongwa:
Tuseme na ukweli mwingine. Kifungu cha 57 cha sheria hiyo ya mazingira kinakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ziwani au mtoni. Dada, bustani yako iko umbali gani? Na kijana wangu anafanya kibarua saiti kama hiyo, wakifunga kazi hatuli.

BintiWaLuchelele:
Kaka wa Buhongwa, swali lako ni la haki. Nimepima kwa kamba, matuta mawili ya chini yamo ndani ya zile mita 60. Nitayaacha, mafunjo yarudi. Na sitaki kijana wako akose kazi. Kuchimba mtaro na kubeba mawe nayo ni kazi, waajiriwe kwa hiyo.

Mrejesho: juzi mvua ilinyesha saa tisa mchana. Nilivaa mabuti, nikapanda hadi nyuma ya saiti. Uzio wa huko ulikuwa hata haukuzikwa, fundi, nilipitisha mkono mzima chini yake. Nikapiga picha, nikachomeka fito penye kalavati nikaweka alama ya tope kwa mkaa. Kisha nikamwita msimamizi wa saiti ateremke aone mwenyewe mvua ikiwa bado inanyesha. Alikuja. Alisimama pale kalavatini kimya, maji mekundu yanapita juu ya viatu vyake, akaniuliza kisima changu kiko wapi nikamwonyesha.

Jana vibarua sita walianza mtaro wa juu. Kifusi bado kipo palepale. Barua nimeipeleka jiji ikiwa na picha na tarehe, nakala yangu ina muhuri, na afisa amesema atakuja wiki ijayo. Nimemwomba anipigie mawingu yakianza kujikusanya upande wa ziwa, nitampokea barabarani na kumpitisha nyuma.