Mrejesho: Zabibu za Hombolo kwa samadi na salfa

Ndugu zangu, mwaka jana niliwauliza namna ya kurudisha shamba langu la zabibu la Hombolo, Dodoma, kwenye kilimo cha samadi, na kutengeneza mvinyo bila hamira ya dukani. Nawashukuru kwa dhati. Ushauri wa kupunguza majani ili hewa ipite kati ya vichala, pamoja na kunyunyiza salfa peke yake, ulizuia ubwiriunga, yaani ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, katika mavuno ya Agosti. Lakini yale ya Machi, yaliyoiva wakati wa mvua, yalioza karibu nusu. Kwa upande wa mvinyo, mapipa mawili yalichacha vizuri kwa hamira ya asili iliyoko kwenye maganda. La tatu, ambalo sikulijaza hadi juu baada ya kuchacha, liligeuka siki, na liliniuma sana, kwa kuwa mlinionya.