Naomba ushauri: karavani kwenye Pwani ya Mifupa, Namibia

Habari zenu ndugu zangu. Mimi na mke wangu tunajiandaa kupita Skeleton Coast, yaani hiyo Pwani ya Mifupa, tukivuta karavani (trela ya kulala). Tutaanzia Swakopmund, tupite Henties Bay na Cape Cross kwenye sili, kisha tuingie hifadhini kwa lango la Ugab na kutokea Springbokwasser.

Kinachoniumiza kichwa ni barabara ya C34. Kipande kilichoshindiliwa kwa chumvi kikiwa kikavu kinapitika vizuri, lakini ukungu wa bahari ukishuka kinateleza sana, na pwani ile ukungu ni wa kawaida kwa sababu ya mkondo baridi wa Benguela. Mbele ni changarawe, nayo hutetemesha trela mpaka nati zinalegea. Waliowahi kuvuta huko: mlipunguza upepo wa matairi kiasi gani, wa gari na wa karavani? Tairi moja la akiba kwa karavani linatosha kweli?

La pili ni malazi. Kambi ya Torra Bay hufunguliwa Desemba na Januari tu, na kibali cha kupita hakiruhusu kulala ndani ya hifadhi. Mke wangu anapendekeza tuiache karavani Henties Bay, twende na gari na hema. Naona ana hoja nzito, ila tungelazimika kurudi kuichukua, na tulitamani sana kuendelea hadi Damaraland, bara ya pwani hiyo, bila kugeuka.

Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Mafuta na maji nitabeba ya ziada, hilo halina mjadala.