Jiko moja la kuni, bruda (banda la kulelea vifaranga) ya vyumba vitatu: nataka joto lijigawe lenyewe

Mfugaji wa Ihumwa: Wakuu habari za humu. Nipo Dodoma pande za Ihumwa, nina banda la tofali, vyumba vitatu vimefuatana, nalea vifaranga chotara. Jiko la kuni lipo chumba cha kwanza, bomba la moshi limetokea juu ya bati. Sasa kipupwe hiki mchana jua kali ila usiku wa manane ni baridi na upepo wake, basi kwenye jiko vifaranga wanahema midomo wazi halafu chumba cha mwisho wamelaliana kwenye kona. Nataka otomatiki, sensa ya kupima joto kila chumba na feni zijiwashe zisukume joto kule ndani. Umeme ni sola na betri ya 12V. Feni niiweke karibu na jiko au?

Fundi Sola: Hapana mkuu. Hewa ya moto ni nyepesi, ukiipuliza inakimbilia kwenye bati. Sukuma ile ya baridi, ni nzito na imekaa sakafuni. Toboa matundu juu kwenye kuta za katikati, kisha chini laza bomba la plastiki la inchi nne kutoka chumba cha mwisho mpaka karibu na jiko, feni ndogo ya kompyuta ndani yake ikivuta ile baridi kuileta kwenye jiko, hewa ya moto itarudi yenyewe kwa juu kuziba nafasi. Na weka dari hata ya viroba, maana bati tupu linamaliza joto lote.

Sensa ikae usawa wa mgongo wa kifaranga, sio kifuani kwako. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35, halafu unashusha kama 3 kila wiki. Kwenye Arduino (kile kibodi kidogo cha kielektroniki unachokipa maagizo, kinasoma sensa na kuwasha feni) weka masharti mawili: chumba cha mwisho kiwe kimeshuka chini ya kiwango NA chumba cha jiko kiwe na joto zaidi yake, vinginevyo moto ukizima feni inazungusha baridi tu na betri inaisha. Iwake kwenye 32 izime kwenye 34, isiwe inawaka na kuzima kila dakika.

Mama Kuku wa Kondoa: Naomba mnisikilize kwenye hili, ni la uhai. Usifunge feni ya kutoa hewa nje kwenye chumba cha jiko, itavuta moshi urudi ndani kupitia bomba, na ile kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, inaua vifaranga na wewe uliyeingia kuwaangalia. Mdomo wa jiko utoe nje ya ukuta, kuni uwekee nje na hewa inayowakisha moto iingie jikoni kutoka nje.

Mfugaji wa Ihumwa: Asante sana mama, mdomo nahamishia nje wiki hii hii. Sasa je bomba la moshi nikililaza lipite vyumba vyote vitatu si litapasha bila feni?

Fundi Sola: Litapasha ila likilala sana moshi unapoa humo humo, masizi yanaganda kama lami na siku yakishika moto unapoteza banda. Lipe mwinuko, weka mfuniko wa kusafishia kila kona, choma kuni kavu kabisa. Mimi ningeanza na matundu ya juu na lile bomba la chini, betri hata ikiisha hewa bado inazunguka kidogo yenyewe.