Nakatwa SHA, zaka nayo nitoe? Nisaidieni, nna baraza Jumamosi

Bint_Kisauni:
Asalam aleikum, shikamoni wakubwa. Mimi ni katibu wa kamati ya zaka mtaani kwetu Kisauni na kuna jambo lanikosesha raha. Tangu SHA, bima ya afya ya serikali hapa Kenya, ishike pahali pa ile ya zamani NHIF Oktoba 2024 vijana walioajiriwa wanakatwa 2.75% ya mshahara mzima, sasa tukipita kukusanya watwambia serikali ishachukua, maskini waende huko huko. Mmoja akaongeza ati Ulaya watu waliachana na dini ndo serikali zao zikaanza kuwalea. Jumamosi tuna baraza na tumealika jirani zetu wa parokia, nami nimepangiwa kusema. Niwajibu vipi? Kweli dini haikuwa na mkono kule?

Mwalimu_Tudor:
Mkono ulikuwepo tena mkubwa dadangu. Uingereza sheria ya maskini ya 1601 ilikuwa kazi ya parokia, wao ndo waliotoza wenye mali na kuwalisha wajane wao, na sheria hizo za maskini hazikufutwa kabisa mpaka 1948. Denmark ilipoingia Ulutheri 1536 mfalme alichukua mali ya kanisa, na mzigo wa maskini nao pole pole ukamfuata. Sweden parokia zililea maskini mpaka mageuzi ya 1862, hapo wakahamia kwa serikali za mitaa, na 1913 ikapita sheria ya pensheni kwa karibu wananchi wote. Kanisa na serikali kule walikuwa nyumba moja, hakukuwa na ugomvi mkubwa wa nani amlee nani. Kwa Wakatoliki shughuli ilikuwa nyengine, Papa Leo wa 13 aliandika 1891 kwamba mfanyakazi astahili mshahara wa kumtosha kuishi, lakini kanisa halikutaka serikali imeze kila kitu, ndo Ujerumani hadi leo waweza lazwa hospitali ya Caritas, shirika la misaada la Kikatoliki, na bili ikalipwa na bima ya lazima.

Baharia_Likoni:
Mwalimu hiyo bima Bismarck, chansela wa Ujerumani, hakuileta 1883 kwa uchamungu. Alikuwa ashawapiga marufuku wasoshalisti 1878, akataka wafanyakazi wamwegemee yeye. Dini iliamua pesa zipite mkononi mwa nani, msukumo ulitoka viwandani.

Mwalimu_Tudor:
Hapo sikukatai, ila hata yeye akiinadi bungeni aliiita Ukristo wa vitendo. Alijua watu wake wataelewa lugha gani.

Ami_wa_Majengo:
Binti turudi kwa zaka. Hiyo ni 2.5% ya mali iliyofika nisabu, yaani kile kima cha chini cha kutolewa zaka, ikakaa mwaka, si ya mshahara mzima, na wa kupewa ni mafungu manane yaliyotajwa Sura Tauba aya ya 60. SHA yamtibu tajiri na maskini pamoja. Wanazuoni wengi wasema kodi haisimami pahali pa zaka, lakini hilo mwachie sheikh wenu alitamke mwenyewe barazani. Na msitumie nguvu. Pakistan 1980 ilileta sheria ya serikali kukata zaka benki Ramadhani ikianza, watu wakazowea kuzitoa pesa zao benki kabla mwezi haujaandama ili zisikatwe.

Mama_Mahamri:
Mie napika mahamri Mwembe Tayari, mshahara sina. Sisi tusioajiriwa kima cha chini ni 300 kwa mwezi lakini watakiwa ulipe ya mwaka mzima kwa mpigo, 3,600, na hizo ndo za unga na mafuta. Jirani yangu ana mtoto wa pumu, kujisajili kajisajili, hajalipa, mtoto akilazwa ni keshi na huanza kupita milango akikopa usiku usiku. Kamati yenu badala ya kila Ramadhani kugawa unga, si mungewalipia watu kama hao ya mwaka? Na parokia nao wawalipie wao.

Bint_Kisauni:
Mama Mungu akuweke, hili ndo ntalipeleka. Ntawaambia vijana nyinyi mwakatwa mpate kutibiwa, zaka yenu imlipie asiye na mshahara wa kukatwa. Sasa pesa tumpe mkononi au tulipe sisi?

Ami_wa_Majengo:
Muulizeni kwanza, zaka ikishafika kwake ni mali yake, pengine ana deni la kodi ya nyumba lamkaba zaidi. Akikubali lipieni namba yake, risiti akae nayo yeye. Na majina ya wanaolipiwa yasisomwe msikitini.