Naomba ushauri: poncho za jeshi zinanata upande wa ndani

Wadau, nina poncho (vazi pana la mvua lisilo na mikono) mbili kuukuu za jeshi, nailoni ya kijani isiyo na mabaka (za mabaka sitaki hata bure, hapa Kenya raia kuvaa sare ya jeshi ni kesi). Utando wa polyurethane (plastiki nyembamba ya kuzuia maji) ndani unanata na kunuka uchachu. Joto na unyevu wa Mombasa huuvunja, hasa poncho ikikunjwa mbichi ndani ya mfuko wa plastiki.

Moja imeharibika mikunjoni tu. Nyingine imekwisha: nataka kuibandua utando wote kwa spiriti na brashi laini, niifue kwa maji vuguvugu na sabuni ya kawaida, niianike kivulini, kisha nipake silikoni halisi ya madirisha iliyoyeyushwa kwa tepentaini, sehemu 1 kwa 5. Ile ya akriliki haifai, na hata silikoni haishiki juu ya mabaki ya polyurethane.

Aliyejaribu aniambie: 1 kwa 5 si nyepesi mno kwa mvua ya masika? Mishono ipakwe nzito zaidi? Na vile vijicho vya shaba vilivyoota kutu ya kijani, nisafishe kwa ndimu au ning'oe kabisa? Ikishindikana, itakuwa turubai la kufunikia pikipiki.