Naomba ushauri: vipimo vya tatizo la kurithi la damu kuganda, tuanze na kipi Tabora?

Wakuu wa maabara na madaktari, habari za kazi. Kuna mama wa miaka 29, ana wiki tatu tangu ajifungue, ultrasaundi imeonyesha bonge la damu kwenye mshipa wa paja la kushoto. Anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Dada yake naye aliwahi kupata, ndiyo maana familia inataka vipimo vya vinasaba.

Wameandikiwa vipimo vya faktari V Leiden na prothrombini G20210A, yaani mabadiliko mawili ya jeni yanayofanya damu igande kirahisi. Hapo nasita. Faktari V Leiden, iliyotambuliwa Uholanzi mwaka 1994, hubebwa na takriban asilimia 5 ya watu wenye asili ya Ulaya, lakini kwa Waafrika weusi ni nadra mno. Prothrombini vivyo hivyo. Pesa itakwenda, na jibu "hakuna" litawatuliza bure. Naona bora kupima protini S, protini C na antithrombini (protini za mwili zinazozuia damu kuganda ovyo) na selimundu, maana hata mwenye jeni moja tu ya selimundu ana hatari zaidi ya bonge la damu kwenye mapafu.

Shida ni muda: warfarini hushusha C na S, ujauzito hushusha S. Nafikiria amalize dozi ya miezi mitatu, kisha wiki 2 hadi 4 bila warfarini ndipo apimwe. Mnakubali? (Dada nimeshamwambia aachane na vidonge vya majira vyenye estrojeni.)

Pili, chupa ya sitreti (kemikali inayozuia sampuli ya damu kuganda) tunaijaza hadi alama, damu 9 kwa sitreti 1, plazma (majimaji ya damu) tunaizungusha mara mbili na kuigandisha. Ikiyeyuka njiani kwenda Mwanza, protini S hushuka na mzima huonekana mgonjwa. Anayetuma bila barafu kavu hufungaje?