Stesheni ya Luanda, njia ya Butere: umri wake unasomwaje?

Mwalimu_Vihiga: Hamjambo wadau. Wanafunzi wangu wanaandaa ubao wa historia ya stesheni ya Luanda. Reli moja ina mwaka ubavuni. Tuuandike kuwa ndio mwaka njia ilipofika hapa? Na maandishi yaliyoliwa na kutu yanasomwaje?

Gengi_Muhoroni: Msiuandike, mwalimu. Huo ni mwaka chuma kilipotoka kiwandani. Njia kuu ikiwekewa reli nzito zaidi, zile kuukuu huhamishiwa matawi na njia za pembeni, kwa hiyo reli yaweza kuizidi njia yenyewe umri.

Kwanza ombeni ruhusa kwa stesheni masta. Kuingia relini kiholela ni kosa. Sugueni kwa brashi ya nywele ngumu, si msasa wala grinda, maana herufi zimetokeza kidogo tu na zikilika hazirudi. Kisha lazeni chaki ubapa mpitishe juu yake. Kama bado hazisomeki, songeni mbele: chapa hujirudia kwenye reli ileile. Mtapata jina la kiwanda, mwaka, na uzito kwa ratili kwa kila yadi. Gawanyeni kwa 2 mpate kilo kwa mita, kwa kukadiria. Reli ya kwanza kufika Kisumu, Desemba 1901, ilikuwa ya ratili 50, yaani kama kilo 25 kwa mita. Mkiona 80, hiyo ni ya baadaye.

Nyar_Kibos: Tazameni pia herufi kwenye mizani, taa na kasha la pesa. UR ni Uganda Railway, ya zamani kuliko zote. KUR, yaani Kenya and Uganda Railway, ni kabla ya 1948. EAR&H, yaani East African Railways and Harbours, ni 1948 hadi 1969. Baada ya hapo ni shirika la reli la Afrika Mashariki lililovunjika 1977.

Mkienda Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, msiulize Vihiga, hamtapata kitu. Faili za wakoloni za huko ziko chini ya North Kavirondo, baadaye North Nyanza. Za Kisumu ya mwanzo tafuteni Port Florence, na kumbukeni kwamba hadi 1902 Kisumu ilihesabiwa upande wa Uganda.

Mwalimu_Vihiga: Asanteni sana. Mizani ya ghalani ina EAR&H. Basi ghala ni la baada ya 1948?

Gengi_Muhoroni: Hapana, mizani ndiyo ya wakati huo. Mizani huhamishwa, ghala litafutieni ramani yake.